Naweza kutumia mashine yangu ya plastiki kutengeneza vijicho vya uzi vya chuma au kauri?

Plastiki_Kariobangi aliuliza:

Wakuu, salamu. Nina karakana ndogo pale Kariobangi Light Industries, upande wa Outering. Kazi yangu ni plastiki: vifuniko, vibanio vya nguo, vishikio vya ndoo. Mashine ni moja tu, ya kusukuma plastiki ya moto kwenye moldi, ya mitumba, yenye nguvu ya kubana ya tani 60. Nimekaa nayo miaka tisa, ikibadilisha mlio kidogo najua ni hita gani imekufa.

Sasa kuna mama mmoja anayefuma sweta za shule amenijia na shida. Ana mashine kumi na moja za kufumia, na alinimwagia mezani mfuko wa vijicho vya uzi vilivyokwisha. Kwa asiyevijua, kijicho ni kipete kidogo ambacho uzi unapita ukielekea kwenye sindano. Vyake ni vya nailoni: upana milimita 8, tundu milimita 3, unene milimita 4. Nilikiangalia kimoja kwa kamera ya simu nikiwa nimeikuza hadi mwisho. Ndani uzi umechimba mfereji kama kamba ya kisima inavyokula ukingo wa jiwe. Uzi ukishazama kwenye ule mfereji unatoa manyoya, na sweta inatoka na mstari mgongoni. Mwezi wa kwanza, wazazi wakiwa kwenye foleni, mstari mmoja ni sweta moja inayorudishwa.

Ameshajaribu vya chuma laini, fundi wa leithi akamtengenezea. Vilimaliza msimu mmoja. Nami nikamtengenezea vya nailoni ngumu zaidi, havikufika hata huko. Anataka 600 kwa kuanzia, na wenzake wa chama wakiingia huenda wakafika 4,000 kwa mwaka.

Nimesoma kwamba kuna watu wanachanganya unga wa chuma, au wa kauri, na plastiki, wanausukuma kwenye moldi kwa mashine kama yangu, halafu wanachoma. Plastiki inaondoka, chuma kinabaki kikiwa kigumu kamili. Je, mashine yangu inaweza? Tanuri ninaweza kuazima, jirani yangu mfinyanzi ana la stima linalofika digrii 1,280. Na je, nianze na chuma au kauri? Kuna pia kikucha kidogo cha stenlesi cha kushikia uzi ambacho angependa, lakini hicho ni vipande 40 tu.

MzeeWaLeithi alijibu:

Kijana, unatafuta ndovu wa kubeba kibiriti. Nimekata chuma tangu Kirinyaga Road ikiitwa Grogan na wengi wetu hadi leo tunaiita hivyo hivyo. Chukua chuma kinachokubali kugumishwa, kikate kwa leithi, kichome hadi kiwe chekundu, kizamishe kwenye mafuta, king'arishe tundu kwa kitambaa na sabuni ya kung'arishia. Huyo fundi wa mama alimpa chuma laini kwa sababu ndicho kilikuwa karibu na mkono. Vijicho 600 ni kazi ya wiki mbili. Hayo mambo ya unga waachie wenye viwanda vya saa.

NtaNaMoto alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye kikucha uko sawa kabisa na nitarudi hapo. Kwenye kijicho nitakupinga kwa heshima.

Nilifanya kazi miaka sita Pune, India, kwenye kiwanda kilichokuwa kikitengeneza vipande vidogo kwa njia hii hii: vibanio vya meno, bawaba za miwani, vikombe vya mashine za nguo. Sasa niko Industrial Area, natunza kalibu, yaani moldi, za plastiki za watu wengine. Kwa hiyo ndugu wa Kariobangi nitakujibu kama mtu aliyechoma vipande vingi vikaharibika kabla havijaanza kutoka vizuri.

Kwanza uelewe kazi yenyewe. Unachukua unga laini sana. Wa chuma huwa chini ya maikroni 20, wa kauri chini ya maikroni moja. Unauchanganya na gundi, na gundi hapa maana yake ni nta, plastiki kidogo, na asidi ya steariki inayoufanya unga ukubali kulowana. Kwa ujazo, kwenye chuma unga ni kama asilimia 60 na gundi 40; kwenye kauri ni kama nusu kwa nusu. Mchanganyiko ukipata moto unatiririka, unaingia kwenye kalibu, unapoa, unapata kipande kinachofanana na cha mwisho lakini kikubwa zaidi. Ukikidondosha sakafuni kinavunjika kama biskuti. Halafu unatoa gundi taratibu. Baadaye unakisinta, yaani unakichoma karibu na kuyeyuka lakini bila kuyeyuka, hadi chembe zishikane na nafasi zilizoachwa na gundi zizibike. Nafasi zikiziba kipande kinanywea. Kila upande.

Mashine, basi, ndiyo sehemu rahisi. Watu wote huuliza mashine kwanza kwa sababu ndiyo wanayo. Mashine yako ingeweza kusukuma unga wa chuma, ila skrubu na silinda yake vitalika, maana unga huo ni msasa unaotembea. Wenye kazi hii hununua skrubu zilizogumishwa kwa ajili hiyo. Kinachokuzuia ni tanuri. Stenlesi inasintwa kwenye digrii 1,350 hivi, tena ndani ya haidrojeni au ombwe lisilo na hewa, kwa sababu hewa ya kawaida ikiigusa kwenye joto hilo unatoa kutu yenye umbo zuri. Tanuri la namna hiyo huwezi kuliazima kwa jirani. Na gundi ikibaki, kaboni yake inaingia kwenye chuma na kukibadilisha tabia. Nimeona sinia zima la vipande 900 likitupwa kwa sababu mtu wa zamu ya usiku aliharakisha saa mbili.

Hivyo chuma sahau. Kikucha, vipande 40, mpelekee Mzee hapo juu, au mtu mwenye mashine ya kukata kwa waya wa umeme. Bei ya kalibu peke yake ingekula faida ya vikucha 40 mara kumi.

Kauri ni jambo jingine. Kauri haiogopi hewa, maana yenyewe tayari ni oksaidi. Na kwa uzi ndiyo inayofaa. Uzi wa akriliki usiong'aa hutiwa unga wa titani-oksaidi ili upoteze mng'ao, na unga huo ndio unaochimba mfereji uliouona kwa simu. Mama hapigani na uzi, anapigana na jiwe dogo lililofichwa ndani ya uzi. Mzee, chuma chako kilichogumishwa kitafika ugumu wa 700 au 800 kwa kipimo cha Vickers. Zirkonia, ambayo ni aina ya kauri, iko 1,200 na zaidi. Chako kitaishi misimu kadhaa, sikatai, lakini kitachimbika.

Vijicho vingi vya viwanda vya nguo duniani ni vya alumina, kauri nyingine, na alumina ni ngumu kuliko zirkonia. Tatizo la alumina ni kwamba inataka karibu digrii 1,600. Zirkonia inaridhika na 1,450 hadi 1,500. Na hapa ndipo Nairobi inakusaidia bila kujua: kila maabara ya meno inayotengeneza meno meupe ya zirkonia ina tanuri dogo linalofika 1,500. Mchana linafanya kazi za madaktari, usiku mengi yamelala.

Kwa hiyo shauri langu, usiguse ile mashine ya tani 60. Fanya kwa shinikizo dogo. Badala ya plastiki tumia nta ya parafini, ile ya mishumaa, na nta kidogo ya nyuki, na asidi ya steariki. Kausha unga kwanza kwenye digrii 120 usiku mzima, kwa sababu unga wenye unyevu haukubali nta. Uchanganye ukiwa moto wa 80 hadi 90, ukikoroga kwa saa nyingi, kisha toa hewa kwa pampu ya ombwe hadi viputo viishe. Unataka kitu kinachotiririka kama asali ya baridi ya asubuhi. Halafu unasukuma kwa upepo wa bari 4 hivi. Kompresa ya kujazia magurudumu inatosha. Kalibu inaweza kuwa ya aluminiamu, haina haja ya chuma kilichogumishwa, na hiyo pekee imekuokolea pesa nyingi. Nta hailii aluminiamu kama plastiki ya moto yenye unga inavyofanya.

Ukinunua unga, angalia mambo mawili. Usinunue ulioandaliwa kwa kubanwa kavu, huo umeshatiwa gundi yake na hautakubaliana na nta yako. Na omba wenye eneo la uso la mita za mraba 6 au 7 kwa gramu, siyo 15. Ule wa 15 ni laini mno, unakunywa nta yote na bado unataka nyingine.

Plastiki_Kariobangi alijibu:

Dada, asante sana. Nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye matatu nikapitiliza stejini. Nimekokotoa kidogo. Kama nta ni nusu kwa ujazo, na nta ni nyepesi, uzito wake nimepata kama asilimia 13 ya mchanganyiko. Kwa hiyo moldi niikuze asilimia 13, sivyo? Kijicho cha 8 niweke 9.04?

NtaNaMoto alijibu:

La, la, la. Usimpe fundi huo mchoro.

Asilimia 13 yako ni sahihi lakini ni ya uzito, na ina kazi yake, nitakuambia. Kunywea kunafuata ujazo. Unga ukiwa nusu ya kipande, na baada ya kusinta unafika msongamano wa asilimia 99, basi ujazo wa mwisho ni 0.50 gawanya kwa 0.99 ya ule wa mwanzo. Unatafuta kipeuo cha tatu cha hiyo, kwa sababu kipande kinanywea urefu, upana na kimo. Unapata 0.796. Maana yake kila kipimo kinapungua kwa asilimia 20 na kidogo.

Na hapa kuna shimo la pili, ambalo mimi mwenyewe nilitumbukia. Mwezi wangu wa tatu Pune nilipewa mchoro wa kitufe cha milimita 10, chuma, kunywea asilimia 16. Nikazidisha kwa 1.16, nikaandika 11.6, kalibu ikachongwa, ikagumishwa. Vipande vikatoka 9.74. Nilikuwa nimeongeza 16 juu ya kidogo, wakati kipande kinapunguza 16 kutoka kwenye kikubwa. Unagawanya, huzidishi: 10 kwa 0.84 ni 11.9. Msimamizi hakunigombeza. Alikiweka kile kitufe kwenye dawati langu nacho kikakaa hapo hadi naondoka.

Chako basi: 8 gawanya kwa 0.796 ni 10.05. Tundu la 3 ni 3.77, na hiyo ndiyo pini ya katikati. Unene wa 4 ni 5.02. Kama ungezidisha kwa 1.2 ungepata 9.6, na kijicho kingetoka 7.65, kinacheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto.

Ila hesabu hii inasimama kwenye ile nusu. Ukichanganya vibaya, unga ukawa asilimia 48 badala ya 50, kijicho hicho hicho kutoka kalibu hiyo hiyo kitatoka 7.90. Ndiyo sababu mchanganyiko unapimwa kwa mizani, siyo kwa kikombe. Tengeneza kalibu ya tundu moja kwanza, choma vipande ishirini, pima kwa vania, ndipo uagize ya matundu sita.

Sasa ile 13 yako. Nunua mizani ya sonara inayosoma miligramu. Kijicho kikitoka kwenye kalibu kinapaswa kuwa na gramu 1.2 hivi. Nta yote ikishatoka, 1.04. Kikiwa 1.10, nta bado imo, usithubutu kukipeleka kwenye tanuri la meno. Na kikitoka 1.15 mapema, kabla ya moto, basi kina kiputo tumboni. Kitupe tena kwenye sufuria, kinayeyuka na kutumika upya. Huo ndio uzuri wa nta.

Kutoa nta ndiko kunakokomesha watu. Nta ya parafini inayeyuka kwenye 60 hivi, na kipande chako kimeshikwa na nta. Ukikiweka kwenye tanuri kikiwa uchi kinalala chini kama mshumaa. Unakizika ndani ya unga wa alumina, wa chembe kubwa kidogo, ndani ya chungu. Unga huo unakibana kisibadilike umbo na wakati huo huo unanyonya nta inayoyeyuka, kama utambi. Panda digrii 10 kwa saa kuanzia 60 hadi 250. Usiharakishe hapo hata mtu akikuita kula. Kutoka 250 hadi 600 unaweza kwenda 30 kwa saa, halafu 100 kwa saa hadi 1,000. Jumla siku moja na nusu. Tanuri la mfinyanzi wako linafaa kabisa kwa hatua hii, mradi lina kidhibiti kinachoweza kwenda polepole hivyo. Mengi yamewekewa kidhibiti cha kwenda haraka, kwa hiyo muulize kwanza.

Pale 1,000 kijicho kinakuwa kama chaki ngumu. Kinashikika kwa mkono, na ukikigusa kwa ulimi kinanata. Ni hapo unapokipeleka kwenye tanuri la meno.

MzeeWaLeithi alijibu:

Nimesoma. Hesabu ya kipeuo cha tatu sikufundishwa shule yetu, lakini 9.74 naielewa vizuri, nami nina sanduku la makosa yangu chini ya benchi.

Stima ikipotea katikati ya hiyo siku moja na nusu?

NtaNaMoto alijibu:

Ikipotea kwenye 200, mzee wangu, haina neno. Tanuri linapoa polepole lenyewe, unga umekishika kipande, unaanza tena kutoka pale ulipofika ukipanda taratibu. Nimeshafanya hivyo mara mbili mwaka jana. Kwenye kusinta ndipo moyo unadunda, na hapo ninaomba mwenye tanuri la meno aongee kama yuko humu.

Maabara_ya_Meno alijibu:

Nipo. Nimekuwa nikiwasoma kimya tangu jana.

Zirkonia mnayoizungumzia ndiyo ninayoichonga kila siku, na hesabu ya dada ni ile ile ya kwangu. Diski zetu zinakuja zimeshachomwa nusu, laini kama chaki, na kila moja imeandikwa kipimo chake cha kukuza. Kompyuta inakuza jino, mashine inalichonga kubwa, tanuri linalinywesha hadi kipimo. Mwenye diski akikosea kusoma namba hiyo, mgonjwa anapata jino la jirani.

Masharti yangu, na nadhani ya wenzangu wengi. Kipande chenye nta hakiingii kwangu. Moshi wa nta unachafua nyumba ya tanuri, na kesho yake jino la mtu linatoka na doa la manjano, nami ndiye nitakayeeleza. Kwa hiyo nionyeshe mizani, kama alivyosema dada. Ratiba yangu ni digrii 10 kwa dakika hadi 1,500, saa mbili juu, halafu kupoa. Kama saa 8 kwa jumla. Stima ikipotea wakati wa kukaa juu, vipande vidogo kama vyenu huwa vinasalimika, ila msongamano unaweza kupungua na mkarudia moto. Meno marefu ya daraja ndiyo yanayopasuka.

Shida yenu itakuwa nafasi. Bakuli langu lina upana wa sentimita 10. Vijicho vya milimita 10 nikivipanga kwenye shanga za zirkonia, visigusane, naona kama 50 kwa usiku. Hivyo 600 ni usiku kumi na mbili. Hivyo 4,000 ni usiku themanini, na hapo tutaanza kugombana. Kwa 600 tunaweza kuelewana bei. Kwa 4,000 nunua tanuri lako.

Plastiki_Kariobangi alijibu:

Sikutegemea kupata mtu wa meno kwenye uzi wa sweta. Usiku kumi na mbili nakubali. Nimeongea na mfinyanzi pia. Kidhibiti chake kinaenda hatua nane na kinakubali digrii 10 kwa saa, ila anauliza moshi wa nta utaenda wapi, maana juu yake kuna wapangaji.

Swali la mwisho. Nitajuaje kwamba kilichotoka ni kauri kamili na siyo chaki iliyonywea tu? Mama wa sweta atakitia kwenye mashine siku hiyo hiyo.

NtaNaMoto alijibu:

Mfinyanzi ana akili, msikilize. Moshi wa nta unashika moto ukikusanyika. Weka bomba la kutolea nje, acha tundu la tanuri wazi kidogo hadi upite 600, na usianze na chungu kilichojaa vijicho 300. Anza na 20, nta ya 20 ni gramu tatu tu. Na unga wenyewe, kavu, usiupulize. Vaa barakoa ya kweli, siyo ile ya kitambaa, na meza ifute kwa kitambaa chenye maji. Kauri ya chini ya maikroni moja ukiivuta huitemi tena.

Kupima: funga kijicho kwa uzi mwembamba, kipime hewani, kisha kipime kikining'inia ndani ya kikombe cha maji kilicho nje ya mizani. Tofauti ya namba mbili ndiyo ujazo. Hewani 1.040, majini 0.867, tofauti ni 0.173. Gawanya 1.040 kwa 0.173, unapata 6.01. Zirkonia kamili ni kama 6.05. Ukipata zaidi ya 6.0 mpe mama. Ukipata 5.7, moto haukutosha, rudisha. Kwa haraka zaidi, chora mstari wa kalamu ya wino juu yake, ukisugua kwa kidole chenye mate ukitoka wote, sawa. Ukinyonywa, kuna vishimo.

Kikitoka kwa moto huwezi kukichonga tena bila almasi, hivyo kila kitu kikae sawa ndani ya kalibu. Ndani ya tundu, pale uzi unapopinda, hapataki kona. Mwambie fundi wa kalibu aache mviringo pande zote mbili. Halafu vijicho vikishatoka tanurini viweke kwenye pipa dogo linalozunguka pamoja na changarawe za kauri na maji, siku mbili tatu, hadi ukipitisha uzi wa akriliki usikie kimya.

Plastiki_Kariobangi alijibu:

Fundi wa aluminiamu nampelekea mchoro kesho asubuhi: 10.05, 3.77, 5.02. Mviringo wa kona nimeandika milimita 1.

NtaNaMoto alijibu:

Milimita 1 ya kijicho au ya kalibu?

Plastiki_Kariobangi alijibu:

Ya kijicho… 1.26. Nimeifuta, nimeandika upya.